Kifaa Hiki ni cha Nani?

Endebess, Jumapili usiku

Mwanangu Nafula,

Sikusalimu. Tumeshinda pamoja tangu asubuhi, na sasa kilichopo kati yetu ni ukuta mmoja tu. Nasikia kitanda chako kikilia kila unapogeuka, na bila shaka wewe nawe unakisikia kiti changu. Ningeweza kubisha mlango wako. Nimeinuka nibishe, nikajikuta nje nikitazama kama ng'ombe amefungwa. Amefungwa. Nimeinuka tena, nikaenda kuangalia mlango wa ghala, kana kwamba mahindi yana mpango wa kutoroka. Mama yako amesema kutoka chumbani, "Baba Nafula, kaa chini ama ulale. Unatembea kama askari wa benki." Nimekaa. Nimechukua kalamu, kwa kuwa neno langu likitoka mdomoni hutoka kama amri, hata pale ninapokusudia kuomba.

Sitaandika habari za chakula, wala sweta, wala akiba, wala watu wa kuepuka mjini Bungoma, unakokwenda kuanza kazi ya mtandao wa kampasi. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, tena kwa mpangilio kunishinda. Nataka kuandika juu ya swali uliloniuliza mezani na juu ya jibu nililokupa.

Ulikuwa umekwisha kunawa. Kuku wa kukuaga alikuwa mezani, na firigisi imewekwa upande wangu wa sahani, kama ilivyo desturi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuomba baraka. Ukasema:

"Baba, Jumanne tunaanza kuandikisha vifaa vya wanafunzi. Nataka uje Bungoma."

"Kufanya nini?"

"Uje na ile laptopu ya kina Wekesa. Na risiti. Useme mbele ya mkuu wangu vile ilinunuliwa."

"Mimi si shahidi wa laptopu."

"Si ushahidi, Baba. Ni kusema tu ni ya nani."

"Risiti inasema ni ya nani. Ina jina langu."

"Hiyo ndiyo shida sasa."

Kisha ukanieleza, polepole, kama mimi nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa kidato cha kwanza. Kuanzia Jumanne, laptopu au simu ambayo haijaandikishwa haitaupata wayalesi, yaani mtandao usio na waya, wa kampasi. Kila kifaa hutoka kiwandani na namba yake. Namba hiyo itaandikwa kando ya jina la mtu mmoja, mwenye kifaa, naye ni lazima afike mwenyewe na risiti mkononi. Kifaa kimoja, mwenyewe mmoja. Ikiwa mwenyewe si mwanafunzi wala mfanyakazi wa kampasi, kifaa hakiingii. Ukaniambia pia kwamba mkuu wako si mtu mbaya. Mtandao wote unaingia kupitia lile dishi moja juu ya paa la utawala, na kila muhula wanafunzi wanakuja na vifaa zaidi: laptopu, simu kubwa, hata mashine za kuchapa zisizo na waya. Lazima ajue nani yumo.

Kwa hiyo laptopu ya ndugu zako Wekesa na Nanjala, ambao sasa wanasoma hapo kampasi, kwa kuwa ina jina langu, itafungiwa nje. Nikiiandika iwe ya Wekesa, basi siku Nanjala atakapoishika ataonekana mwizi. Umemweleza mkuu wako kwamba huku kwetu watoto wengi hutumia mashine moja kwa zamu, naye akacheka. Akasema kila mwanafunzi anayekamatwa na mashine ya mwenzake husema ni ya familia, na wengine wamekuwa wakikodisha. "Niletee hata mzazi mmoja aseme hivyo mbele yangu," ndivyo alivyokujibu. Na wewe uko kwenye majaribio. Aliyekalia kiti hicho kabla yako aliondolewa kwa sababu alikuwa akiingiza vifaa vya marafiki zake kisirisiri. Huwezi kuwapitisha ndugu zako mlango wa nyuma, nawe hutaki kuwafungia wa mbele.

Yote hayo niliyaelewa, Nafula. Usidhani sikuelewa. Nikasema, "Kanuni ni kanuni. Nami sitasimama foleni na watoto kwa ajili ya mashine."

Ukasema, "Sawa, Mwalimu."

Hukusema Baba. Ukaifunika sahani yako kwa sahani nyingine, ukaenda zako chumbani. Mama yako akaguguna mfupa wake vizuri, halafu akauliza, "Sasa umefurahi? Umepita mtihani?" Nikaisogeza sahani. "Basi kula firigisi yako," akasema. "Inapoa."

Sikuila. Iko hapa mbele yangu ninapoandika.

Nataka ujue hiyo laptopu ilivyopata jina langu, maana wakati ule ulikuwa shuleni bado na mambo mengine uliyapata kwa kusimuliwa. Baba yako mdogo alipofariki, watu wa kanisa na wa ukoo walikutana nyumbani kwake Naitiri kufanya harambee ya masomo yenu: wewe uliyekuwa karibu kuingia kampasi, na watoto wake wawili, hao Wekesa na Nanjala, waliokuwa nyuma yako. Watu hawakuwa na pesa, kwa hiyo walileta walichokuwa nacho. Kulikuwa na ndizi, mayai, kabichi, na jogoo mmoja mwekundu. Jogoo huyo alinunuliwa mnadani, mnunuzi akamrudisha, akauzwa tena, akarudishwa tena, hadi mwishowe akawa amelala kwenye meza akingoja tu kutangazwa. Mzee wa kanisa aliyeendesha mnada aliwaambia watu, "Hii kompiuta si ya mtu. Ni ya hawa watoto wote, na wale wako nyuma yao. Mwalimu atatuwekea."

Nikaenda Kitale kuinunua. Kijana wa dukani akashika kalamu akaniuliza, "Niandike jina gani, mzee?" Nikampa langu, bila kuwaza. Lingekuwa jina gani jingine? Nilikuwa nimevaa koti, nilikuwa nimebeba fedha za watu, na maisha yangu yote vitu vya watu vimekuwa vikiandikwa jina langu: funguo za bohari, vitabu vya shule, kombe la michezo. Niliambiwa niweke. Mimi nikaelewa nimiliki. Hapo ndipo nilipopotea, na niliendelea kupotea kwa utaratibu mzuri sana.

Unazikumbuka kanuni zangu. Laptopu ilirudi nyumbani kila likizo, ikafungiwa kabatini. Mama yako aliishonea kitambaa cha kufunika, kama cha redio na cha makochi. Na kile kitufe kidogo cha mbele, kile cha kuwasha wayalesi, nilikibandika plasta ya kidonda, nikakuambia usikiguse. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna vitu huingia kwenye kompyuta kupitia hewani. Waya ninauelewa; unauona unakotoka na unakokwenda, na ukitaka kuukata unaukata. Lakini kitu kinachopita ukutani bila kubisha hodi kilinitia wasiwasi, nami kitu kinachonitia wasiwasi nimekuwa nikikipiga marufuku kwanza, kisha nakichunguza baadaye, nikikumbuka.

Wewe ulitii. Hilo ndilo linalonikosesha raha usiku huu kuliko kama ungekaidi. Wenzako waliketi vyumbani wakisoma na kutuma kazi zao, nawe uliandika kwenye laptopu kisha ukaenda kupanga foleni kwenye kompyuta za kampasi ili uitume kazi ile ile. Sikuambiwa na wewe. Niliambiwa na Wekesa, tulipokuwa tukipukuchua mahindi. "Baba Mkubwa," alisema, "Nafula aliogopa ile plasta kuliko virusi." Akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka naye kidogo, nikaenda kuleta gunia jingine ambalo hatukulihitaji.

Kisha ikaja likizo moja ambayo laptopu ilirudi na plasta safi. Ile yangu ilikuwa imeanza kukunjamana pembeni na kushika vumbi. Hii ilikuwa mpya, imebandikwa sawasawa, pembe zimelala. Niliitazama. Nilijua kwamba uliitoa ulipofika kampasi, ukafanya kazi yako muhula mzima, ukabandika nyingine kabla ya kurudi nyumbani ili mimi nisiumie. Tukanywa chai.

Najua kwamba baada ya hapo ndipo ulipoanza kuwasaidia wengine na laptopu zao, pale chini ya ngazi za hosteli. Umekuwa ukituhadithia vipande vipande, na mama yako hupenda zaidi ile hadithi ya kitambaa. Hosteli nzima ya wasichana ilikuwa imepoteza mtandao. Laptopu zilionyesha alama zote za mawimbi, zimejaa, lakini hakuna kilichofunguka. Fundi wa kampasi akasema ni dishi, na wengine wakasema ni mvua. Wewe ukaibeba laptopu ikiwa wazi, ukatembea nayo kwenye varanda ukitazama mawimbi yakipanda na kushuka, ukagonga mlango yalipopanda kabisa. Chumba cha mwisho, juu ya kabati, palikuwa na rauta ndogo ya dukani, kisanduku cha kusambaza mtandao, imefunikwa kitambaa cha kushonwa chenye maua.

"Hii ni yako?"

"Eh, ni yangu. Si ni ya kusaidia tu! Network ilikuwa inafika mlangoni inarudi."

"Umechomeka waya wapi?"

"Kwa shimo. Si yote ni mashimo?"

Alikuwa amechomeka tundu lisilo lake, na kwa hiyo kile kisanduku kilikuwa kinajibu kila mashine ya hosteli kikidai kwamba ndicho mtandao. Ulinieleza kwa mfano nikauelewa: ni kama mtu aliyesimama njia panda ya Endebess akiwaelekeza wasafiri wote wa Kitale waende nyumbani kwake, na nyumbani kwake hakuna kitu. Ukauchomoa waya. Hosteli ikapiga kelele za furaha. Yule msichana akaanza kulia akidhani atafukuzwa.

"Sasa utanisema?"

"Nitasema huku mwisho mawimbi hayafiki, walete yao karibu. Hii weka kwa sanduku. Na kitambaa ondoa, inapata joto."

"Lakini Mama ndiye alinishonea."

"Basi valisha mto."

Mama yako hucheka hapo hadi leo, kisha hukitazama kitambaa chake kilicho juu ya televisheni. Mimi nilikuwa nikicheka pia, lakini nikifikiria jambo jingine: kwamba wewe ulipokuta kitu kisichoruhusiwa ulisikiliza kwanza kimeletwa kwa sababu gani. Sijui ulilitoa wapi hilo. Kwangu hukulitoa.

Habari ya ile redio umewahi kuisikia kwa mama yako, naye huisimulia kama kichekesho, jinsi nilivyogombana na mzee aliyevaa gambuti ofisini. Ngoja niisimulie mimi, maana mama yako hakuwapo.

Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya bweni. Redio zilikuwa marufuku, nami nilimkamata mvulana mmoja wa kidato cha pili akiwa na redio ya mbao, kubwa, mfuko umeshonwa kwa gunia. Nikaifungia kabatini ikae hadi shule ifungwe. Baada ya muda akaja baba yake, kutoka huko juu kwenye miteremko ya Elgon, matope hadi magotini. Hakuketi.

"Mwalimu, nimekuja kwa redio."

"Redio ya kijana wako utaipata shule ikifungwa."

"Si ya kijana. Kijana alikuwa anapeleka kwa fundi Kitale, ilikuwa inakwaruza. Sasa si ukamshika?"

"Nilimkuta nayo bwenini. Ni yake."

"Mwalimu, hiyo redio ni ya boma. Majirani wote wanakuja kwangu jioni kusikiliza. Habari ya vifo tunasikia hapo. Sasa tumekaa tu hivi, kama viziwi."

Ndipo nikamuuliza swali ambalo mama yako huliacha katika hadithi yake. Nikamuuliza, "Una risiti?"

Mzee yule alinitazama. Halafu akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeulizwa bei ya mlima. "Redio ya baba yangu, Mwalimu? Risiti?" Akaitikia kwa kichwa, akaaga vizuri, akaondoka. Nami nikabaki nimeridhika kwamba kanuni imesimama.

Muhula uliofuata yule mvulana alirudi, nami nikamwuliza habari za nyumbani kama tunavyoulizana. Akasema ni nzuri, ila shangazi yake alifariki upande wa Kimilili wakati redio iko kabatini kwangu. Tangazo lilitolewa siku kadhaa mfululizo. Boma lao halikusikia. Walifika matanga yamekwisha na watu wametawanyika. Hakunilaumu. Alijibu tu alichoulizwa. Nimekumbuka sauti yake mara nyingi kuliko ninavyokumbuka sauti za wanafunzi walionipa zawadi nilipostaafu.

Nilikuwa nimemnyima mvulana mmoja redio, hivyo ndivyo nilivyodhani. Kumbe nililifungia kabatini sikio la watu ambao sikuwahi kuwaona. Kanuni ilikuwa sahihi: bwenini hapasomeki penye redio. Ila kanuni ilidhani kwamba kila kitu kina mtu mmoja nyuma yake, na huku kwetu nyuma ya kitu kimoja husimama watu mpaka langoni. Tangu hapo niliyajua haya. Na bado leo mezani, binti yangu ameniuliza swali lile lile, nami nimeutoa ule mdomo wa zamani nikamwambia kuhusu risiti.

Nimeinuka kidogo. Upepo umeanza kushuka mlimani na bati la jikoni linagonga. Nimeliwekea jiwe. Mama yako anasema nilale, kesho nitakuwa na macho mekundu nikikusindikiza, watu wadhani nimelia. Nimemwambia wadhani.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nilikataa. Si foleni. Nimesimama foleni za mbolea hapo Kitale kuanzia alfajiri, tena kwa uvumilivu. Nadhani ni lile jambo la siku ya mahafali yako. Mlipokuwa mkipiga picha, mimi nilizunguka kuona majengo, nikawakuta wanafunzi wameketi chini, nje, wameegemea ukuta wa maktaba, kila mmoja na laptopu mapajani, jua linawapiga. Nikadhani wamefungiwa nje kama adhabu. Nikamwuliza mmoja, "Mnangoja nini hapa?"

"Hatungoji, mzee. Tuko library."

"Library iko ndani."

"Ndani imejaa. Lakini mawimbi yanatoka hadi hapa, kwa hivyo hata hapa ni library."

Wenzake wakatabasamu, kwa heshima, wakarudi kwenye kazi zao. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyeficha kitu nilipopita. Nikahisi kwamba niko mahali ambapo ukuta si ukuta, na mtu kama mimi, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, hana pa kusimama. Sikukuambia. Nilirudi kwenye picha nikanuna. Utaona ukitazama ile picha, ni mimi peke yangu niliyenuna. Basi uliposema nije Bungoma, mimi niliona ule ukuta. Niliona nikiulizwa na kijana jambo nisilolijua, mbele ya watu, mbele yako. Nikakimbilia kwenye kanuni, maana huko ninajulikana.

Sikuandikii haya ili uifungue kampasi kila kitu kiingie. Kile kisanduku chenye kitambaa cha maua kilinyamazisha hosteli nzima, na aliyekileta alikuwa na nia njema tupu. Mkuu wako ana haki ya kuogopa. Nimesikiliza mipango yako zaidi ya unavyodhani, hata nilipojifanya ninasoma gazeti. Ulimwambia mama yako kwamba kuna njia mbili za kumjua anayeingia: kuijua mashine kwa namba yake, au kumjua mtu kwa jina na neno lake la siri, mashine iwe ya yeyote. Kwamba namba ni rahisi kwa ofisi, lakini jina ni haki zaidi kwa watu wanaotumia mashine moja kwa pamoja. Na kwamba ziko simu za zamani na vile vichapishi, zile mashine za kuchapa, ambavyo haviwezi kufungua ukurasa wa kuandika jina, kwa hiyo hivyo lazima vijulikane kwa namba, hakuna ujanja. Kwa hiyo unataka zote mbili, kila moja mahali pake. Naielewa nusu. Lakini hiyo nusu naiona ina akili, na ningekuwa mkuu wako ningekuuliza maswali mengi magumu, kisha ningekubali.

Mimi nilishika mlango kwa muda mrefu, nawe unaenda kuushika mmoja. Nililojifunza ni dogo. Ukimzuia mtu, mwambie umemzuia kwa nini, na umwambie wewe, usimtume mwingine. Tena uende ukaketi siku moja upande wa nje, pale kwenye ukuta wa maktaba, uone huko kulivyo. Mimi sikuwahi kwenda upande wa nje wa mlango wowote niliokuwa nikiufunga. Ningekwenda hata mara moja hadi kwenye boma la yule mzee, ningeikuta ile meza isiyo na redio na viti vya majirani vimeizunguka. Nisingehitaji kuulizwa mara ya pili.

Sasa nisikilize.

Laptopu nimeitoa kabatini. Plasta nimeibandua. Imeacha gundi, nami nimeisugua kwa mafuta ya taa kidogo hadi mama yako akauliza kama nachoma nyumba. Kitambaa nimemrudishia, amesema atakivalisha mto. Asubuhi nitampigia Wekesa simu, yeye na Nanjala watoke Naitiri wanikute Bungoma Jumanne. Usije kunipokea stendi. Usinitengee kiti.

Nitasimama kwenye foleni nyuma ya watoto, pale itakapokuwa imefika, hata kama ni nje juani. Risiti ninayo mfukoni mwa koti tayari. Nimeigusa mara kadhaa kuhakikisha. Zamu yangu ikifika, usiniite Baba, maana mkuu wako atakuwa amesimama hapo na hicho kiti bado hujapewa. Wala usiniite Mwalimu; la leo limenitosha. Sema, "Anayefuata," kama utakavyowaambia wengine, kisha uulize swali lako: kifaa hiki ni cha nani?

Nitaiweka risiti mezani. Halafu nitasema, kwa sauti ya kusikika nyuma, kwamba jina ni langu na kifaa si changu. Ni cha hawa wawili waliosimama nami, na kilikuwa cha mwingine kabla yao, na kuna wadogo Naitiri wanaokingoja. Watu waliuza jogoo mmoja mara nyingi ili kipatikane. Mimi niliambiwa niweke tu.

Mkuu wako akisema hiyo haitoshi, nawe utamke vivyo hivyo, "Haitoshi, mzee," bila kutetemeka. Sitakutazama vibaya. Nitaomba kuketi naye, nami nitamsimulia habari ya redio, maana nadhani hajawahi kuisikia kwa mtu aliyekuwa upande wake wa meza. Kama bado atakataa, basi Wekesa na Nanjala watajua kwamba walisimamiwa, nawe utakuwa umefanya kazi yako sawasawa mbele ya baba yako.

Kitanda chako kimenyamaza. Labda umelala, au umegundua kwamba nasikiliza. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, juu, mahali ambapo utaikuta ukitafuta leso.

Na ndani ya chombo cha chakula, chini ya chapati, mama yako ameinuka akaitoa hapa mbele yangu na kuifunga firigisi. Ndiyo, ile. Desturi inasema ni yangu. Kula wewe, wala usiirudishe.

Baba yako